Bustani ya Mboga Mvua Zinapokatika



Hapa Singida tunapata msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Mwezi wa Februari mara nyingi husimama kidogo na kututia wasiwasi. Kisha hurudi, na ikifika mwisho wa Aprili hukatika. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi. Huo ni muda wa miezi 7.

Fikiri juu ya sufuria ya mboga nyumbani kwako. Mwezi wa Machi sufuria hiyo haina shida. Mlenda umeota wenyewe shambani. Mgagani umejaa mahali palipokuwa zizi la ng'ombe. Majani ya kunde na ya maboga yapo, tena ni laini. Mama akitoka na ungo, baada ya muda mfupi anarudi na mboga ya jioni.

Mwezi wa Septemba mambo ni mengine. Mashamba ni makavu. Upepo unapeperusha vumbi. Ugali wa uwele au wa mtama upo, lakini mboga ya kulia ugali huo haipo. Kama ipo, inauzwa sokoni kwa bei ambayo si kila mtu anaiweza.

Mboga ya Septemba hutayarishwa Aprili na Mei. Watu wengi hawafanyi hivyo. Mvua zikikatika huona kazi ya bustani imekwisha, kwa sababu mtama na alizeti zinangoja kuvunwa. Uzio unabomoka, hakuna anayeutengeneza. Mbuzi wanaingia, na baada ya wiki moja bustani imekuwa uwanja. Somo hili linahusu miezi hiyo miwili: namna ya kuvuna, namna ya kutunza kilichobaki, na namna ya kuweka akiba.

MAJANI NA MACHO YA MTOTO

Kwanza tujue kwa nini tunahangaika na majani. Ugali hutia nguvu, lakini haukamilishi chakula. Mboga zenye majani ya kijani kilichokolea, kama mgagani, mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele na kisamvu, hutupatia vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho.

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kushindwa kuona vizuri jioni. Jua likizama anajikwaa. Anapapasa akitafuta sahani yake. Wengine husema mtoto amerogwa. Hakurogwa. Mwili wake umepungukiwa. Hali ikizidi, macho hukauka, hupata vidonda, na mtoto anaweza kupofuka kabisa. Tena mtoto huyo akipata surua au kuhara, mwili wake hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa. Ukiona dalili hizo usingoje bustani iote. Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo.

Jambo moja jepesi wengi hawalijui. Mwili huipokea vitamini A vizuri zaidi mboga ikiwa na mafuta. Nasi Singida ni watu wa alizeti. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, au karanga zilizotwangwa, si anasa katika mboga ya mtoto.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kitabu, kisha wakajadiliana juu ya chakula bora. Ukimpata mzee aliyehudhuria kikundi kama hicho, muulize wao walilima nini na walikula nini wakati wa kiangazi.

KUVUNA BILA KUUA MMEA

Kuna kuvuna kunakomaliza mmea na kuna kuvuna kunakouzidishia uhai. Tofauti ni mkono wa mvunaji.

Tuanze na mchicha. Huu huwa tayari wiki 3 au 4 baada ya kuupanda. Watu wengi huung'oa na mizizi. Hakuna kosa kama miche imesongana na unapunguza. Lakini miche uliyoibakiza usiing'oe. Ikate kwa kisu kikali, ukiacha shina la urefu wa kiganja kutoka ardhini. Baada ya siku chache shina hilo litatoa matawi pembeni. Mmea mmoja utauvuna mara 3 au 4, hasa ukiupa maji na samadi kidogo kila baada ya kukata.

Mgagani una tabia yake. Mvua zikipungua huona kwamba maisha yake yanakwisha, hivyo hukimbilia kutoa maua na mbegu. Ukishatoa maua, majani huwa madogo, magumu na machungu zaidi. Basi wewe pita kila siku mbili au tatu ukichuma ncha zenye maua. Mmea hukosa nafasi ya kuzaa mbegu, ukaendelea kutoa majani. Wapo wanaoukataa mgagani kwa uchungu wake. Uchemshe, umwage maji ya kwanza, kisha utie maziwa au karanga. Aliyeukataa atauliza kama umebaki.

Kunde humpa mkulima majani kwanza, halafu punje. Huwezi kuchukua vyote kwa wingi kutoka mmea mmoja. Chuma majani machanga machache kwa kila mmea, kisha uende kwenye mmea mwingine. Maua yakianza, acha kuchuma. Kama familia yako inapenda sana majani ya kunde, tenga mistari miwili iwe ya majani tu, na mistari mingine iwe ya punje. Hivyo hakutakuwa na ugomvi kati ya mama wa mboga na baba wa gunia.

Maboga ni hivyo hivyo. Ukichuma kila ncha changa, utakula majani leo na hutapata boga. Acha matawi mawili au matatu yaende. Boga limekomaa wakati kikonyo chake kimekauka na ukucha haupenyi ganda lake. Likate pamoja na kikonyo. Usilibebe kwa kushika kikonyo, kwa sababu kikikatika huacha kidonda na boga huoza kuanzia hapo. Boga lililokomaa vizuri, likiwekwa juu ya vijiti mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi kadhaa. Boga la rangi ya njano iliyokolea ndani lina vitamini A pia. Hiyo ni akiba isiyohitaji kukaushwa wala kumwagiliwa.

Bamia haingoji. Baada ya ua kuanguka, tunda huwa tayari kwa siku 4 hadi 6 tu. Lishike ncha na ulikunje. Likikatika mara moja, linafaa. Likipinda bila kukatika, limekwisha kuwa na nyuzi. Pita kila baada ya siku mbili. Bamia lililokomaa juu ya mti huuambia mmea kwamba kazi imekwisha, nao huacha kuzaa.

Nyanya chungu ichume kabla haijaanza kuwa nyekundu. Sukuma wiki ichume kuanzia majani ya chini, ukiacha majani 5 au 6 ya juu. Nyanya ichume inapoanza kubadilika rangi. Itaivia ndani ya nyumba, nawe utakuwa umewawahi ndege na funza. Mboga za majani zote zichumwe asubuhi mapema. Zikichumwa mchana huwa zimekwisha kunyauka, na huharibika upesi hata kabla ya kufika sokoni.

Vitunguu vinastahili maneno zaidi kwa sababu vitunguu vya Singida vinajulikana masokoni mbali na hapa. Hata tuta moja la nyumbani hutosha familia kwa muda mrefu kama uvunaji ni mzuri. Usivune kwa sababu jirani amevuna. Tazama majani. Wakati nusu ya majani au zaidi yameanguka yenyewe kwenye shingo, acha kumwagilia. Ngoja siku chache udongo ukauke, kisha ng'oa. Usiosheshe vitunguu. Vitandaze kivulini penye upepo, na majani yake, kwa wiki moja au mbili, mpaka shingo ikauke na kusinyaa. Ndipo ukate majani. Kitunguu chenye shingo mbichi huoza ndani ya gunia, na kimoja kikioza huambukiza vingine. Vile vyenye shingo nene visivyokauka vile kwanza. Usivipange na vya akiba.

MAJI: HESABU KABLA YA KULIMA

Mvua zikikatika, bustani inakuwa mgeni anayekunywa kila siku. Mgeni huyo ana kiu gani? Katika siku za jua kali, mita moja ya mraba ya bustani huhitaji kama lita 5 kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 lina mita 4 za mraba. Basi:

Mita 4 za mraba × lita 5 = lita 20.

Hiyo ni ndoo moja kubwa kila siku. Matuta matatu ni ndoo 3. Sasa jiulize maji yako yako wapi. Kama kisima ni mwendo wa saa nzima, usijidanganye na matuta matatu. Chagua tuta moja zuri karibu na nyumba na mengine uyaache yapumzike. Tena maji ya bustani yasiwe mzigo wa mama na watoto peke yao. Baba mwenye baiskeli anaweza kubeba madumu mawili au matatu kwa safari moja.

Ziko njia za kufanya ndoo moja itoshe. Katika mvua tulitengeneza tuta lililoinuka ili maji yasituame. Katika kiangazi tunafanya kinyume. Chimba tuta liwe chini kidogo ya njia, kina cha kiganja kimoja, na udongo uliotoka uuweke pembeni kama ukingo. Changanya chini samadi iliyooza, kiasi cha debe moja kwa kila mita moja ya mraba. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga. Maji hupita ndani yake kama katika chekecheke. Samadi huyashika. Samadi mbichi usitie, huunguza miche na huleta magugu.

Kisha funika udongo kwa nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa. Hayo huitwa matandazo. Weka matandazo kati ya miche bila kugusa mashina, kwa sababu mchwa hupenda kujificha hapo. Tandua kidogo adhuhuri utie kidole ardhini, halafu tia kidole mahali pasipo na matandazo. Kidole chako kitakufundisha kuliko kitabu hiki.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni, chini ya mmea, si juu ya majani. Kumwagilia saa sita mchana ni kulipa jua kodi.

Maji ya kuoshea vyombo na ya kunawia yasimwagwe ovyo. Hayo yanafaa kwa maboga, papai, migomba na matembele, yakimwagwa kwenye mizizi. Yasimwagwe juu ya majani yanayoliwa, wala kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Maji yenye sabuni nyingi ya unga yaache kabisa.

Si kila maji yanafaa. Maji ya Ziwa Singidani ni ya chumvi, na baadhi ya visima vya mkoa wetu navyo ni vya chumvi. Ukiona udongo wa bustani unapata ukoko mweupe juu, na ncha za majani zinakauka kama zilizochomwa na moto, shuku maji. Tafuta maji mengine, au panda mboga ngumu zaidi.

Kuna mimea ambayo haikuombi maji mengi. Kisamvu cha mpira ni mti unaobaki na majani wakati mashamba yote yamekauka. Mlonge vilevile. Kila kaya yafaa iwe na mti mmoja mmoja karibu na jiko. Lakini kisamvu cha aina yoyote kina sumu kikiwa kibichi. Kitwange vizuri na kukichemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Usisahau matembele. Ukipanda vipande vichache mahali maji ya bafu yanapotokea, utakula majani kiangazi chote. Mvua za Desemba zitakapofika utakuwa na mbegu ya viazi vitamu wakati wenzako wanazunguka kijiji kizima kuomba.

UZIO NA KUKU

Kuku wa Singida wana sifa hata Dar es Salaam. Bustanini hawana sifa yoyote. Kuku mmoja na vifaranga vyake humaliza tuta la mchicha asubuhi moja, si kwa kula tu, bali kwa kuparua. Uzio wa miiba hufaa kuwazuia mbuzi, lakini kuku hupita chini. Jaza sehemu ya chini kwa mabua ya mtama au fito zilizobanana. Wengi wetu hutumia minyaa, nayo hudumu miaka mingi. Jihadhari na maziwa yake. Yakiingia machoni huumiza vibaya. Usimwachie mtoto kazi ya kuikata.

WADUDU, DAWA, NA FAIDA YA KUSOMA

Katika kiangazi wadudu waliokuwa porini hukosa chakula. Bustani yako ndiyo kijani pekee wanachokiona. Kwa hiyo ikague kila asubuhi. Pindua majani utazame chini yake.

Vidukari ni wadogo, hukaa makundi makundi kwenye ncha laini za kunde na sukuma wiki. Utitiri mwekundu ni mdogo zaidi, hufuma utando kama wa buibui kwenye nyanya, nao hupenda ukame. Sota hukata miche usiku. Asubuhi ukiona mche umelala, fukua pale pale kwa kijiti. Utamkuta amejikunja chini ya udongo. Muue kwa mkono.

Mdudu mwingine alionekana nchini mwaka 2014. Wakulima humwita kantangaze. Ni kiwavi mdogo wa nondo aliyetoka Amerika ya Kusini. Hutoboa njia ndani ya jani la nyanya, halafu huingia ndani ya tunda. Akikaa wiki chache bila kudhibitiwa, nyanya zote huharibika. Chuma majani na matunda yenye alama zake. Yatie katika mfuko wa nailoni, ufunge, uuache juani mpaka afe. Kuyatupa pembeni ya bustani ni kumhamisha mtaa tu.

Kwa vidukari na wadudu laini, jaribu mwarobaini kwanza. Chukua nusu kilo ya mbegu zake zilizokauka. Zitwange. Ziloweke katika lita 10 za maji usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani, kisha nyunyiza jioni, jua likiwa limepungua nguvu. Rudia baada ya wiki moja.

Sasa tufike mahali ambapo kujua kusoma kunaokoa maisha. Wapo watu wanaonyunyizia mboga dawa iliyobaki ya pamba. Wanaona dawa ni dawa. Hapana. Dawa ya pamba imetengenezwa kwa zao ambalo hakuna anayelila kesho yake. Mchicha unaliwa jioni hiyo hiyo.

Kila chupa ya dawa halali ina karatasi iliyobandikwa. Usinunue dawa isiyo na karatasi hiyo, wala dawa iliyopimwa katika chupa ya soda. Karatasi hiyo isome yote kabla ya kutoka dukani. Tafuta mambo haya. Je, imeandikwa kwamba inafaa kwa mboga? Imeandikwa uchanganye kiasi gani kwa lita ngapi za maji? Tarehe ya kwisha nguvu imepita? Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu? Chini ya karatasi utaona mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni kali. Bluu inafuata, na kijani ni hafifu kuliko hizo. Hata yenye kijani ni sumu.

Jambo kubwa kuliko yote ni siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zimeandikwa. Pengine ni siku 3, pengine 7, pengine 14. Ukinyunyiza dawa ya siku 7, basi siku 7 hizo hakuna kuchuma, hata mgeni akija, hata mnunuzi akisimama na pesa mkononi. Andika tarehe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, mahali kila mtu wa nyumba anaweza kuiona. Sumu iliyomo ndani ya jani haitoki kwa kuoshwa. Kwa mchicha, unaovunwa kila wiki, ushauri wetu ni kuachana na dawa za viwandani kabisa. Mche wenye matundu machache huliwa bila hofu.

KUKAUSHA MBOGA ZA AKIBA

Wazee wetu walikausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani, nasi tunaendelea. Njia yao ilikuwa nzuri. Iko sehemu moja tu inayofaa kurekebishwa, nayo ni jua. Jua kali huharibu vitamini A. Mboga iliyoanikwa juani siku tatu ikawa nyeupe kama nyasi, imebaki tumbo tu, macho hayapati kitu.

Fanya hivi. Chuma majani asubuhi, chagua mazuri, yaoshe. Chemsha maji, tia chumvi kidogo. Maji yakichemka sana, tumbukiza majani kwa dakika 2 au 3. Kama huna saa, hesabu polepole mpaka 150. Usizidishe. Opoa, yachuje, yatandaze kwa safu nyembamba juu ya mkeka safi au wavu. Weka kivulini, mahali penye upepo. Upepo wa Juni na Julai hapa kwetu ni mkali na mkavu, na hiyo ni neema kwa kazi hii. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Geuza mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani umande usiyafikie. Baada ya siku mbili au tatu, finya jani. Likivunjika kwa sauti, limekauka. Likipinda, bado. Mlenda hauhitaji kuchemshwa. Ukaushe kivulini, kisha uutwange uwe unga.

Weka mboga kavu katika chungu chenye mfuniko, kopo, au mfuko mzito uliofungwa. Mahali pawe pakavu na pa giza. Kila baada ya wiki mbili fungua unuse. Harufu ya ukungu ikitoka, akiba hiyo isiliwe. Katika kuupika mlenda, magadi yatie kidogo tu, kwa sababu magadi mengi huua vitamini nyingine.

Je, ukaushe kiasi gani? Tupige hesabu. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kilo 10 za majani mabichi hutoa kama kilo 1 kavu. Kilo 1 kavu hutosha kaya ya watu 6 kwa milo 6 hivi. Kuanzia Agosti hadi Novemba ni wiki 17. Ukitaka mlo wa mboga kavu mara 2 kwa wiki, unahitaji milo 34. Basi unahitaji kama kilo 6 kavu. Hizo ni kilo 60 mbichi. Ukichuma kwa wiki 8 za Aprili na Mei, ni kama kilo 7 au 8 kila wiki. Hesabu hii hutisha ukiitazama kwa mara moja. Ukiigawa kwa wiki, ni vikapu viwili tu.

MBEGU ZA MWAKA UJAO

Wakati wa kuchagua mbegu ni sasa, mmea ukiwa bado umesimama. Wengi hula mimea mizuri na kuacha ile mibaya izae mbegu. Mwaka ujao hushangaa. Funga kitambaa chekundu kwenye mmea wenye majani mapana, usioshikwa na magonjwa, na uwaambie watoto usiguswe.

Mchicha na mgagani uvune mbegu vichwa vikianza kukauka, kabla hazijapukutika. Kausha juu ya kitambaa, pukuchua, pepeta. Nyanya ni tofauti. Kamua mbegu pamoja na maji yake katika kikombe, ziache siku 2 au 3 mpaka utelezi utoke, zioshe, uzianike kivulini. Aina za kawaida kama Tengeru 97 na Tanya zinafaa kuhifadhiwa mbegu. Aina chotara hazifai. Mbegu zake ukizipanda hutoa mchanganyiko. Karatasi ya pakiti itakuambia kama ni chotara.

Changanya mbegu na majivu makavu yaliyopoa, utie katika chupa kavu au kibuyu, uzibe. Andika jina la mbegu na mwezi. Ukitaka aina bora za mgagani, mchicha au nyanya chungu, mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Huko Tengeru, mkoani Arusha, kuna kituo cha mboga cha kimataifa kinachochunguza mboga hizi za kienyeji, ambazo zamani zilidharauliwa na kuitwa magugu.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika kijiji chenu, ni mwezi gani mboga huanza kuwa ghali? Kaya zenye mboga mwezi huo hufanya nini ambacho wengine hawafanyi?

2. Tuta la Bibi Maria lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Anahitaji lita ngapi za maji kwa siku ya jua kali? Hizo ni ndoo ngapi za lita 20?

3. Bwana Juma amenyunyizia nyanya dawa tarehe 3 Juni. Karatasi inasema asubiri siku 14. Mnunuzi amekuja tarehe 12 na pesa zote. Bwana Juma amwambie nini? Ni tarehe gani anaweza kuvuna?

4. Leteni darasani pakiti au chupa tupu iliyooshwa ya dawa au mbegu inayotumika kijijini. Msishike kwa mikono mitupu, na mkimaliza nendeni mkaoshe mikono. Someni pamoja kila neno lililoandikwa. Ni maneno gani hamkuyaelewa?